Kokwa za Embe na Chungu cha Uji: Darasa la Awali Tabora



Oktoba imeingia, na kwetu Tabora ni mwezi wenye ugumu wake na uzuri wake. Jua linachoma tangu saa tatu asubuhi. Vumbi limepanda hadi kwenye mapaa ya nyumba. Visima vifupi vimeanza kutoa tope. Hata hivyo, ukitoka mjini ukashika njia ya Sikonge au ya Urambo, utaiona miyombo ikifanya jambo ambalo mgeni hulishangaa. Miti hiyo iliyopukutisha majani wakati wa kiangazi imeanza kuchipua kabla tone la mvua halijaanguka, na majani yake machanga ni mekundu, mengine ya rangi ya shaba. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wakati kama huu, majani mekundu ni majani yanayojiandaa kuanguka, na mtoto mdogo ndiyo kwanza ameanza chekechea, bado anamlilia mama mlangoni. Kwetu wekundu ni uhai unaorudi, na mwaka wa shule ulioanza Januari unaelekea mwisho. Mtoto wa darasa la awali aliyelia Januari, sasa ndiye anayemfundisha mwenzake kufunga kamba za viatu. Wiki chache zijazo atafunga shule, na Januari atakaa dawati la darasa la kwanza.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, mtoto wa miaka mitano, pamoja na watu wanaomzunguka. Nimekaa na jambo hili kwa muda, na nimefikia kuamini kwamba darasa la awali katika mkoa wetu linabebwa na majirani: mama anayekoroga uji, kijana wa kidato cha nne anayefundisha kwa kujitolea, babu anayechonga vijiti vya kuhesabia, dada wa darasa la tano anayemshika mdogo wake mkono njiani. Serikali imefungua mlango, na ni haki kulisema hilo. Lakini darasa linasimama kila asubuhi kwa sababu ya watu hawa, na kazi yao hatujaipa uzito unaoistahili.

Hivi karibuni nilikaa asubuhi nzima katika darasa moja la awali nje kidogo ya mji. Shule siitaji, maana niliyoyaona pale yanaonekana katika shule nyingi. Asubuhi yao huanza mlangoni, kwenye kibuyu chirizi. Dumu dogo limetobolewa, limefungwa kamba, na kamba imefungwa kijiti cha kukanyaga. Mtoto anakanyaga, maji yanachirizika, ananawa bila kushika dumu kwa mikono michafu. Mmoja anasimama kando kuangalia sabuni isianguke mchangani. Zamu hiyo wanaigombea kuliko zamu nyingine yoyote. Ukifikiri ni mchezo tu, kumbuka kwamba miezi michache ijayo mvua itashuka, maji machafu yataingia visimani, na kuhara kutabisha hodi katika kaya nyingi. Mtoto aliyezoea kunawa Oktoba atamdai mama yake sabuni Desemba.

Kisha wakaketi kwenye mkeka, mwalimu akafungua daftari la mahudhurio. Katika mkoa huu wa Wanyamwezi na Wasukuma, akina Kulwa na Doto hawakosekani. Kilichonivutia ni kwamba mwalimu hakuishia kuweka alama. Kila jina lisiloitikiwa aliuliza, “Yuko wapi mwenzetu?” Nao wanajua! “Anaumwa tumbo, mwalimu.” “Wamehamia shambani jana jioni kwa trekta.” “Mama yake kajifungua.” Dakika tano hivi, na mwalimu ameshajua hali ya mtaa mzima. Mtoto anayeishi jirani na yule mgonjwa akaagizwa apite kumjulia hali, na kesho alete habari. Mtu mzima aliyetumwa na mwalimu aghalabu husahau. Mtoto wa miaka mitano hasahau. Ametumwa na amejiona mkubwa.

Hesabu ya siku hiyo ilikuwa ya kokwa za embe. Tabora tuna miembe kila upande, na kokwa za msimu uliopita mwalimu alizikusanya, akaziosha, akazianika hadi zikawa nyepesi, akazijaza kwenye kopo la maziwa. Aliwapa watoto watatu kokwa kumi wagawane sawasawa. Wakagawa moja moja, wakafika tatu kila mmoja, ikabaki moja. Hapo ndipo darasa lilipoanza hasa. Mmoja alitaka apewe yeye kwa kuwa ndiye aliyegawa. Wa pili akasema ipasuliwe. Wa tatu akasema irudi kwenye kopo. Mwalimu alikaa kimya, akawaacha wazozane, na waliokuwa pembeni nao wakaingilia, mpaka wakakubaliana irudi kwenye kopo. Ilichukua muda. Mzazi aliyekuwa dirishani angeweza kudhani muda umepotea, kwamba afadhali wangekuwa wanaimba moja mpaka mia. Mimi naamini asubuhi hiyo watoto wale walijifunza kugawanya na kubakiza, na pia walijifunza namna ya kuishi na mtu asiyetaka unachotaka wewe.

Tena hilo si jambo la kubuni la mwalimu mmoja. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliorodhesha umahiri wa aina sita ambao mtoto anapaswa kuujenga, na wa kwanza katika orodha ulikuwa kuhusiana. Ndipo yakafuata kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za hisabati. Hesabu iliwekwa mwishoni, watu waliwekwa mwanzoni. Walioupanga mtaala walijua walichokuwa wakifanya. Shida ipo kwetu wazazi. Mtoto akirudi nyumbani swali letu la kwanza ni, “Umeandika nini leo?” Akionyesha daftari tupu tunamlaumu mwalimu. Baadhi ya shule za binafsi, kwa kutaka kuturidhisha, zinamkalisha mtoto wa miaka minne akiandika herufi mpaka vidole vinamuuma. Hilo silikubali, na walimu wengi wa awali niliozungumza nao hawalikubali. Kidole cha mtoto huimarishwa kwanza kwa udongo. Apewe dongo la kichuguu lililolowekwa afinyange ng’ombe, chungu, gari la abiria, achore mchangani kwa kijiti, apange visoda. Penseli itakuja, na itamkuta tayari. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule ya namna hii mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg, aliwapa watoto mipira ya sufu, vipande vya mbao na vijibustani vya kulima. Sisi tuna kokwa, vichuguu na mbegu za ukwaju. Kazi ni ileile, na haimgharimu mtu hata senti.

Nije kwenye lugha, maana hapa pana jambo zito kwa mkoa wetu. Mtoto wa Gongoni au Ng’ambo pale mjini huamka na Kiswahili mdomoni. Mtoto wa kijijini Igunga, Kaliua au Uyui mara nyingi amelelewa kwa Kisukuma au Kinyamwezi. Kiswahili anakisikia kwa wapita njia na redioni. Siku ya kwanza shuleni anasikia maneno yanampita masikioni. Ananyamaza. Na mtoto aliyenyamaza katika darasa la watoto themanini husahaulika upesi, kisha tunasema hana akili. Ana akili! Mtoto anayechunga ndama kumi akajua ni yupi hajarudi zizini anajua kuhesabu. Hajui tu kukisema alichohesabu kwa lugha ya mwalimu.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014, Tabora ikiwa mmojawapo wa mikoa yake, uliliona tatizo hilo. Pakaanzishwa mafunzo ya utayari wa shule, ya wiki kadhaa, kwa watoto ambao hawakupata darasa la awali na walikuwa karibu kuingia la kwanza. Waliofundisha walikuwa wasaidizi waliotoka kijijini humohumo, vijana na kina mama wanaojua lugha ya nyumbani kwa mtoto na Kiswahili pia. Walitumia hadithi, michezo na picha. Msaidizi anasimulia hadithi ya sungura kwa Kiswahili, na pale macho ya mtoto yanapopotea, anatupia neno moja la Kisukuma, macho yanarudi. Mradi ule umekwisha, kama miradi inavyokwisha. Wasaidizi wale, hata hivyo, hawakuhama. Wapo vijijini. Mwalimu mkuu anayejua kazi yake anawajua kwa majina, na katika shule shikizi, zile zilizojengwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi kufuata shule mama, watu wa aina yao ndio roho ya darasa. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za kujenga vyumba 3,000 vya madarasa katika shule shikizi nchini, sehemu ya vyumba 15,000 vilivyojengwa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Vyumba hivyo ni neema. Lakini chumba kinamngoja mtu wa kuketi mkekani na watoto.

Wasikilizaji, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana nchi hii yetu ina kumbukumbu ndefu ya watoto wadogo na mizigo.

Novemba 1857, wakati kama huu mvua zikinyemelea, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, hapahapa Tabora, nchi ya Unyanyembe, wakitokea pwani kwa njia ya misafara. Burton alikuwa mtu wa kuwasema vibaya Waafrika, na mengi aliyoandika hayafai kurithiwa. Lakini aliliona jambo moja akaliandika: kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walijibebesha vipembe vidogo vya ndovu mabegani, kwa kuwa kazi ya upagazi ilikuwa fahari waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Miaka sita au saba! Ndio umri wa huyu tunayemwandaa leo kwa darasa la kwanza. Alijifunza kwa kuiga, akiwa miguuni pa watu wazima, kwa mzigo uliopunguzwa ukamfaa yeye. Mwalimu wa awali anayejenga kona ya duka darasani, watoto wakauziana majani kwa visoda, anafanya jambo lilelile ambalo babu zetu walilifanya bila kuwa na jina la kuliitia.

Na msafara wenyewe ulikuwa na utaratibu wa kutunzana. Ulitangulizwa na kirangozi, mtu aliyejua njia, maji na watu wa kila nchi waliyopita. Waliondoka alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali. Wapagazi walijigawa kwenye vikundi vidogo vya kupika na kulala pamoja. Katika safari ya miezi kadhaa kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kikundi hicho ndicho kilichokuwa jamaa yako. Wanawake walikuwemo, na watoto walikuwemo. Kule walikopita wakaacha utani. Hadi leo Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana misibani, na mtani ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi.

Nisiifanye njia hiyo kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Ndiyo hiyohiyo iliyopitisha watoto waliotekwa, wengine kutoka ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, wakipelekwa kuuzwa. Tabora yetu ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika walikuwa na makao ya watoto yatima waliokombolewa utumwani pale Kipalapala, kusini kidogo ya mji. Watoto wasio na mama, wasio na lugha moja, wakaanza kujifunza pamoja. Mjini nako, watoto wa Waislamu waliketi kwa walimu wao chuoni, mbao za kuandikia mapajani. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba kumkalisha mtoto mdogo chini na kumfunza ni jambo jipya Tabora. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iwekwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, na Kwihara, pale alipokaa David Livingstone mwaka 1872, ni mojawapo ya vituo vyake. Watoto wa awali wapelekwe Kwihara. Ni karibu. Wauone ukuta wa tembe, waiguse miembe, waambiwe kwa maneno ya umri wao kwamba hapa walipita watoto kama wao.

Sifa ya Tabora kielimu ilikuja kujengwa katika ngazi za juu zaidi. Katika miaka ya 1920 Waingereza walifungua shule ya watoto wa machifu, tunayoiita leo Tabora Boys. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937, na mwaka 1946 akarudi mjini kwetu kufundisha St. Mary’s. Mkoa mzima unajivunia hayo, nami najivunia. Ila nasema wazi: fahari ya vijana wachache waliochaguliwa haitoshi tena. Nyerere mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili hivi alipoanza shule, na wako wengi wa rika lake wenye vipaji ambao hawakuanza kabisa. Kipimo cha mkoa wetu sasa kiwe mtoto wa miaka mitano, yule wa Ulyankulu, yule wa Kitunda, yule wa Ndala.

Mlango, kama nilivyosema, umefunguliwa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kama sehemu rasmi ya mfumo wa shule. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Januari 2016 ada na michango ya lazima vikafutwa, na watoto wakamiminika: nchi nzima, walioandikishwa awali walitoka takriban milioni 1 mwaka 2015 wakazidi milioni 1.5 mwaka 2016. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na kuwaambia watu wa afya, lishe, maji, ulinzi na elimu kwamba mtoto ni mmoja, wasimgawane.

Sasa tuje kwenye uji. Naomba mnisikilize vizuri hapa.

Ada ilipofutwa, wengi wetu tulisikia kwamba kila kitu ni bure, tukakunja mikono. Waraka wa elimu uliofuata mwaka 2016 ulieleza kazi ya kila mmoja, na chakula cha mwanafunzi anayetoka nyumbani kiliwekwa upande wa mzazi. Waliolisikia hilo ni wachache. Matokeo yake ninyi mnayajua. Mtoto wa miaka mitano anatoka nyumbani alfajiri, pengine amekula kipande cha kiporo, pengine hakula. Anatembea. Saa nne macho yanaanza kulegea. Saa tano analala mkekani, na mwalimu anamwacha alale kwa kuwa ameona kwamba usingizi ule ni njaa.

Na msimu huu ndio mbaya zaidi. Mahindi ya Mei na Juni yameshuka ghalani, mapya hayajapandwa. Kaya nyingi zinaishi kwa matobolwa na michembe, viazi vilivyoanikwa wakati wa neema, na mboga ya majani makavu ya kunde. Kule Urambo, Kaliua na Sikonge vitalu vya tumbaku vinataka kumwagiliwa asubuhi na jioni, na mvua zikianza tu, kaya nzima inahamia shambani. Mwalimu anaanza Oktoba na watoto sitini, anamaliza Novemba na thelathini. Wiki hizi ndizo ambazo mtoto angekuwa anakusanya yote ya mwaka, na ndizo anazozikosa.

Lakini nimeona pia vijiji vinavyolishinda jambo hili, tena si vijiji tajiri. Mkutano unaitishwa Juni, mavuno yakiwa bado uani. Ushirikiano wa wazazi na walimu, tunaouita UWW, unakubaliana kila kaya yenye mtoto itoe kiasi cha mahindi na kopo za karanga. Asiye na mahindi alete kuni, asiye na kuni achote maji. Mzee asiye na mtoto shuleni naye hutoa, maana ana mjukuu. Mahindi yanahifadhiwa shuleni, na kinachohifadhiwa kinaandikwa na kusomwa hadharani. Hapo pa kuandika na kusoma ndipo palipoua michango mingi: mahali ambapo mwaka mmoja magunia yalipotea bila maelezo, mwaka uliofuata hakuna aliyetoa, na wazazi sikuwalaumu. Kina mama wanapanga zamu za kupika. Kila mtoto anakuja na kikombe chake. Uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa, saa nne kamili. Nenda kalitazame darasa hilo saa tano. Hakuna aliyelala.

Zamu ya kupika ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mama anayekuja kupika mara moja kwa wiki mbili husikia, akiwa mafigani, kinachofundishwa. Anamsikia mwanawe akijibu. Anajua sasa kwamba kokwa zile ni somo. Akirudi nyumbani anampa mtoto maharage ayachambue na kuyahesabu, anamuuliza hadithi ya jana. Wale wanaohamia mashambani nao wanapatana na waliobaki: mtoto wako atalala kwangu mpaka shule ifungwe, nawe utanilimia ngwe mbili. Patano hilo halimo katika waraka wowote, na limewaokoa watoto wengi.

Katika kutunzana huko kuna watoto wanaohitaji jicho la ziada. Mtoto mwenye ualbino katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa amepitia ya kutisha. Kuanzia mwaka 2007 mauaji yalienea kiasi kwamba watoto wengi walitolewa makwao wakapelekwa kwenye vituo, kama Buhangija kule Shinyanga, wakakua mbali na mama zao. Mahali pa mtoto huyo ni darasani pamoja na wenzake wa mtaa mmoja. Akae mbele, karibu na ubao, kwa kuwa macho yake yanaona hafifu. Avae kofia na mikono mirefu, na saa ya michezo apewe kivuli, nao wenzake wahamie kivulini alipo. Asiende wala asirudi peke yake. Watoto wa miaka mitano wakikua naye wanamjua kama mwenzao aliyegombea naye zamu ya sabuni, na mganga mwongo hawezi kuwadanganya juu yake baadaye.

Nimalizie na mwalimu. Mwongozo unataka mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Zipo shule katika mkoa huu ambapo mmoja anao 80, hata 100, na wamo wenye miaka mitatu walioletwa mgongoni na dada zao kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Tena tuna tabia mbaya ya kumpangia awali mwalimu anayeonekana amechoka, au yule tuliyekosa pa kumweka, kana kwamba kufundisha wadogo ni kazi nyepesi. Mwalimu wa awali anapaswa kuwa hodari kuliko wote shuleni, na anayejitolea alipwe. Serikali iajiri, hilo ni lake na tuendelee kulidai kwa wabunge na madiwani wetu bila kuchoka. Wakati tunadai, kijiji kinachoweza kumchangia msaidizi wake posho kila mwezi kimchangie, na kisimsubirishe. Kijana anayefundisha watoto 40 bure kwa miaka miwili ataondoka siku moja kwenda kuendesha bodaboda, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Wazazi na walezi wa Tabora, uandikishaji wa watoto wa awali na wa darasa la kwanza kwa ajili ya mwaka ujao hufanyika miezi hii, kuanzia Oktoba. Mwenye mtoto wa miaka mitano asingoje Januari, wala asisubiri kumaliza kupanda. Nendeni wiki hii hii kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu mkamwandikishe, hata kama mnahamia shambani mwezi ujao. Na mkiwa pale ofisini, ulizeni uji wa awali unapikwa na nani, na unga uliobaki utafika siku gani.